Mwili Usiozoezwa: Ubwete, Maradhi na Mazoezi ya Viungo katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa aghalabu katika mijadala ya malezi na uongozi. Ni nadra kuhusishwa na mwili wa binadamu, ilhali mwili nao ni nyumba, na nyufa zake huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya ukuta kuanguka. Shinikizo la damu kwa kawaida halimwumi mtu. Kisukari cha ukubwani huweza kukaa mwilini kwa miaka bila kutambuliwa. Mshipa wa moyo unaozibika huweza kukosa dalili yoyote hadi siku damu inaposhindwa kupita. Ndiyo maana mengi ya maradhi haya hugunduliwa mgonjwa akiwa tayari amelazwa.

Kwa muda mrefu maradhi yaliyotawala mazungumzo ya afya jijini Nairobi yalikuwa ya kuambukiza: kifua kikuu, kipindupindu, homa ya matumbo na, tangu miaka ya 1980, Ukimwi. Maradhi hayo hayajatoweka, lakini yamepata mwenzi. Kulingana na makadirio ya Wizara ya Afya ya Kenya, magonjwa yasiyoambukiza kama vile maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari na saratani husababisha karibu vifo vinne katika kila kumi nchini, na zaidi ya nusu ya wanaolazwa hospitalini huwa wanaugua magonjwa ya aina hii. Visababishi vyake ni vingi: urithi, tumbaku, pombe, chumvi na mafuta kupita kiasi, pamoja na hewa chafu. Makala haya yanashughulikia kisababishi kimoja ambacho hakina moshi wala harufu na kwa hivyo hupuuzwa, yaani kuishi bila kuutumia mwili. Mitaa ya mashariki ya Nairobi, maarufu kama Eastlands, imeteuliwa kuwa uwanja wa uchunguzi kwa kuwa humo huishi bega kwa bega watu wanaotembea kwa kukosa nauli na watu wanaoketi kutwa kwa sababu kazi zao zinawataka waketi.

Mazoea na Mazoezi

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Neno zoezi lina asili moja na kitenzi zoea. Kunyambua kitenzi hicho katika kauli ya kusababisha hutupa zoeza, yaani kumfanya mtu au kitu kipate mazoea, na humo ndimo zilimotoka nomino zoezi na mazoezi. Kwa hivyo mtu anayekimbia siku moja kwa mwaka, siku ya mbio za hisani, hajafanya mazoezi kwa maana kamili ya neno hilo. Amekimbia tu. Kiswahili kinadai marudio, na kama itakavyoonekana baadaye, fiziolojia ya mwili inadai vivyo hivyo.

Kinyume cha mazoezi ni ubwete, hali ya mtu kukaa bwete bila kujishughulisha. Aidha, ni muhimu kutofautisha mazoezi na dhana pana zaidi ya harakati za mwili. Shirika la Afya Duniani hufafanua harakati za mwili kuwa mwendo wowote wa misuli unaotumia nishati. Kwa fasili hiyo, mama anayebeba mtungi wa maji hadi ghorofa ya tano katika mtaa wa Pipeline, ambako nyumba nyingi ndefu hazina lifti, anafanya harakati. Vivyo hivyo hamali wa soko la Gikomba na kibarua anayetembea kutoka Mukuru hadi viwandani. Mazoezi ni sehemu tu ya harakati hizo, ile inayopangwa na kurudiwa kwa nia ya kuuimarisha mwili. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mtu aweza kuwa hana harakati hata kidogo katika kazi yake na pia hana mazoezi baada ya kazi. Huyo ndiye aliye hatarini zaidi.

Mitaa Iliyojengwa pamoja na Viwanja

Eastlands ya leo haiwezi kueleweka bila historia yake. Serikali ya kikoloni iliitenga sehemu ya mashariki ya jiji, kwenye udongo mweusi unaoshika maji, iwe makazi ya Waafrika. Pumwani ilianza mapema miaka ya 1920, Shauri Moyo ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930, na Kaloleni katika miaka ya 1940. Mpango mkuu wa jiji uliochapishwa mwaka 1948 ulipendekeza mitaa ipangwe kwa vitongoji, kila kimoja kikiwa na shule, maduka na maeneo wazi ya wakazi wake. Mitaa kama Jericho, Jerusalem, Maringo na Bahati ilijengwa kwa mtindo unaokaribiana na huo: nyumba ndogo zilizozunguka nyanja, na ukumbi wa kijamii hatua chache kutoka mlangoni. Nia ya mkoloni haikuwa ukarimu, kwani vyumba vyenyewe vilikuwa finyu. Hata hivyo, ufinyu huohuo wa vyumba uliwasukuma watoto nje, na huko nje palikuwa na nafasi. Kati, brikicho, kuruka kamba na blada vilikuwa mazoezi ya kila jioni ambayo hakuna aliyeyaita mazoezi.

Miaka ya 1970 ilileta Buruburu, Umoja na Dandora. Buruburu ilijengwa kwa awamu ili kuwahifadhi watu wa tabaka la kati, nayo Dandora ikajengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia kwa utaratibu wa kumpa mwananchi kiwanja chenye maji na choo kisha ajenge mwenyewe. Ramani za mitaa hiyo zilikuwa na nafasi za wazi. Baadaye idadi ya watu iliongezeka kuliko nyumba. Nyumba za chini za Umoja zikabadilishwa kuwa maghorofa ya kupangisha, nyua zikawa vyumba, vichochoro vikawa vibanda. Katika Pipeline na sehemu za Kayole maghorofa yamesongamana kiasi kwamba jua hufika chini kwa shida.

Fauka ya hayo, ardhi ya umma ilinyakuliwa. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilionyesha katika ripoti yake ya mwaka 2004 jinsi ardhi iliyotengewa shule, viwanja vya michezo na barabara ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria kote nchini. Suala hilo lilidhihirika tena Januari 2015 pale wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, upande wa pili wa jiji, walipotupiwa vitoza machozi walipokuwa wakiutetea uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Mjadala wa siku zile ulihusu ufisadi, na ilistahili. Lakini ulikuwa pia mjadala wa afya, kwani mtoto asiye na mahali pa kukimbia huanza kujenga mazoea ya kuketi kabla hajajua kusoma.

Wanaotembea na Wanaoketi

Takwimu za Kenya zinaweza kumpotosha msomaji asiyezitazama kwa makini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kuwa ni asilimia 6.5 tu ya Wakenya watu wazima ambao hawakutimiza kiwango cha harakati kinachopendekezwa. Kote duniani hali ni tofauti: kufikia mwaka 2022, takriban asilimia 31 ya watu wazima, yaani watu bilioni 1.8 hivi, hawakuwa wakitimiza kiwango hicho. Je, Mkenya ana sababu ya kutulia?

Utafiti huohuo wa 2015 una jibu. Ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na kwamba tatizo hili liliwakumba wanawake, asilimia 38.5, zaidi ya wanaume, asilimia 17.5. Karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya Wakenya walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja. Isitoshe, harakati za Wakenya wengi hutokana na kazi ya sulubu na safari za miguu. Jijini Nairobi, takriban safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu. Wengi wa watembeaji hao hawatembei kwa kupenda. Mtu apatapo kazi ya mezani na nauli ya matatu, harakati hizo hutoweka kwa siku moja, na hakuna kinachozifidia.

Tazama ratiba ya karani anayeishi Donholm au Buruburu. Huamka saa kumi na moja alfajiri ili aushinde msongamano wa Barabara ya Jogoo. Huketi ndani ya matatu saa nzima, huketi ofisini saa nane au tisa, huketi tena garini jioni, kisha huketi mbele ya runinga au simu hadi usingizi umchukue. Kwa siku nzima ametembea hatua za kutoka kituoni hadi mlangoni. Hali kadhalika mwenye duka la jumla, fundi cherehani, mlinzi wa lango na dereva wa bodaboda aliyemchukua abiria umbali ambao zamani angeutembea. Ubwete umeingia hata katika mitaa yenye sifa ya uchapakazi.

Somo la Dereva na Utingo

Uhusiano kati ya kuketi na maradhi ya moyo haukuvumbuliwa katika maabara. Ulivumbuliwa ndani ya basi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya London yenye ghorofa mbili. Dereva na utingo walifanya kazi katika basi moja, saa zilezile, wakapumua hewa ileile na kulipwa na mwajiri mmoja. Tofauti kubwa ilikuwa moja: dereva aliketi karibu zamu yake yote, ilhali utingo alipanda na kushuka ngazi za basi mara kwa mara akikata tiketi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kuwa madereva waliugua maradhi ya moyo zaidi, na walioshikwa walikufa mapema zaidi. Uchunguzi wa wafanyakazi wa posta ulitoa sura kama hiyo, kwani waliosambaza barua kwa miguu au kwa baiskeli walikuwa salama kuliko makarani waliokaa mezani.

Kulikuwa na pingamizi. Huenda waliochagua udereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Morris mwenyewe alilichunguza jambo hilo kwa kulinganisha vipimo vya sare, akagundua kuwa kweli madereva walivaa suruali pana zaidi. Kwa hivyo unene ulichangia, lakini uchunguzi uliofuata, wake na wa wengine, ulithibitisha kwamba harakati zenyewe huulinda moyo. Tangu wakati huo ushahidi umerundikana. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kuwa watu wasio na harakati za kutosha wanakabiliwa na hatari ya kifo iliyo juu kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko ya wenzao wenye harakati za kutosha.

Mkazi wa Eastlands hahitaji kusafiri hadi London ili kuielewa hoja hii. Katika matatu ya njia ya 58 kuelekea Buruburu, utingo huruka, hukimbia, huning'inia mlangoni na kupita kwenye viti akikusanya nauli. Dereva amekaa kiti kimoja tangu alfajiri, mguu kwenye kanyagio, mishipa ya shingo imekaza kwa ghadhabu za barabarani, na chakula chake hununuliwa dirishani.

Yanayojiri Ndani ya Mwili

Misuli ndiyo mlaji mkuu wa sukari mwilini. Baada ya mlo, sukari huingia katika damu, na homoni iitwayo insulini huifungulia mlango wa kuingia kwenye misuli. Misuli isiyotumika huwa bubu kwa insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi ili mlango uleule ufunguke, hadi siku inaposhindwa. Hapo ndipo kisukari cha ukubwani huanza. Msuli unaofanya kazi, kwa upande mwingine, huichota sukari hata kukiwa na insulini kidogo, na wepesi huo hudumu kwa siku moja au mbili baada ya zoezi. Hapa ndipo lugha na fiziolojia zinapokutana: kwa kuwa manufaa huisha baada ya siku mbili hivi, zoezi lisiporudiwa halimsaidii mtu kwa muda mrefu.

Moyo nao ni msuli. Ukizoezwa, husukuma damu nyingi kwa pigo moja, na kwa hivyo hupiga polepole mtu anapopumzika. Usipozoezwa, hulazimika kupiga mara nyingi kwa kazi ileile. Kuta za mishipa ya damu hupoteza unyumbufu, shinikizo hupanda, na mafuta hujikusanya ndani yake. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kusaidiwa na misuli ya ndama za miguu. Anayeketi saa nyingi bila kuinuka huinyima damu hiyo msaada, na ndiyo sababu miguu huvimba na damu huweza kuganda katika mishipa.

Mifupa haisalimiki. Hubaki migumu kwa sababu hubebeshwa uzito, na isipobebeshwa hulegea. Baada ya umri wa miaka 30 hivi misuli huanza kupungua kidogokidogo, na kwa mzee asiyejishughulisha upungufu huo huishia katika kuanguka na kuvunjika nyonga. Hatimaye kuna akili. Mazoezi hupunguza wasiwasi na mfadhaiko, na huleta usingizi mzuri. Katika mitaa yenye ukosefu wa ajira, madeni na vileo haramu, faida hii pekee ingetosha kuyatetea mazoezi.

Faida na Kiwango Kinachohitajika

Ushahidi wa faida za mazoezi ni mkubwa. Mojawapo ya tafiti zinazotajwa sana ni ile iliyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002. Watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari waliombwa kutembea au kufanya mazoezi kama hayo kwa dakika 150 kwa wiki, wale vyema na kupunguza asilimia saba ya uzito wao. Walioufuata mpango huo walipunguza uwezekano wa kuugua kisukari kwa asilimia 58, wakawapiku hata waliopewa dawa. Mazoezi ya mara kwa mara hupunguza pia hatari ya maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya utumbo mpana na saratani ya matiti. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa vifo milioni nne hadi tano vingeweza kuepukwa kila mwaka iwapo watu duniani wangejishughulisha zaidi.

Kiwango chenyewe si kikubwa. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba mtu mzima afanye harakati za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au za nguvu kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Mwenye umri wa miaka 65 na zaidi anaongezewa mazoezi ya kudumisha mizani ya mwili siku tatu kwa wiki. Harakati huitwa za wastani pale mtu anapoweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Zamani ilisemekana kwamba harakati zisizodumu dakika kumi mfululizo hazihesabiki. Mwongozo wa 2020 umeiondoa kanuni hiyo. Kila dakika ina thamani, na haba na haba hujaza kibaba.

Hesabu ya mkazi wa Eastlands basi ni nyepesi. Anayeshuka matatu mapema na kutembea upesi dakika 15 asubuhi na dakika 15 jioni, siku tano kwa wiki, ametimiza dakika 150 bila kulipa ada ya jimu. Kupanda ngazi za ghorofa, kuruka kamba uani, kuchuchumaa na kuinuka mara ishirini chumbani, na kujiinua kwa mikono kutoka sakafuni ni mazoezi kamili yasiyohitaji kifaa. Vijana wa Kariobangi, Dandora na Mathare wamethibitisha ubunifu huo kwa kuunda vyuma vya kunyanyua kutokana na mikebe iliyojazwa saruji.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, mazoezi hayafuti ulaji mbaya. Chipsi na soda za kila jioni haziwezi kukimbiliwa zikaisha. Pili, mwenye maumivu ya kifua, shinikizo lisilodhibitiwa, au anayetumia dawa za kisukari apate ushauri wa daktari kwanza, na kila anayeanza aanze polepole.

Vikwazo

Ni rahisi kumlaumu mtu kwa uvivu. Lawama hiyo huficha vikwazo halisi. Kwanza ni usalama. Anayetaka kukimbia saa kumi na moja alfajiri katika vichochoro visivyo na taa anahatarisha simu yake na maisha yake, na kwa mwanamke hatari ni maradufu. Pili ni barabara. Wanaotembea ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa na magari nchini Kenya, na Barabara ya Outer Ring iliyopanuliwa katika miaka ya 2010 ilizidisha kasi ya magari katikati ya mitaa iliyojaa watu. Tatu ni hewa: moshi wa magari, na moshi wa jaa la Dandora. Nne ni muda, hasa kwa wanawake ambao kazi ya ajira hufuatwa na kazi ya nyumbani.

Kikwazo cha tano kimo katika fikra. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki unene umekuwa ishara ya neema. Husemwa kwamba fulani amenawiri, na kitambi cha mume huchukuliwa kuwa ushahidi wa mapishi ya mke na wa mshahara mnono. Kukonda kulihusishwa na umaskini na, tangu kuzuka kwa Ukimwi, na ugonjwa huo. Mtu aliyepungua uzito kwa mazoezi huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Sambamba na hayo ni imani kwamba kazi ngumu ni mazoezi tosha. Imani hii ina ukweli nusu. Kazi ya mwili humkinga mtu na ubwete, lakini kubeba magunia saa kumi bila pumziko wala lishe huuchosha mwili na kuumiza mgongo, na watafiti wamekuwa wakijadili iwapo huulinda moyo sawa na mazoezi ya hiari. Hamali pia anastahili mapumziko na mchezo.

Mifano ya Kuigwa na Mapendekezo

Eastlands haijakosa mifano. Shirika la vijana la Mathare Youth Sports Association, lililoasisiwa mwaka 1987, liliunganisha kandanda na usafi wa mazingira: timu ilipata alama uwanjani na pia kwa kuzoa taka mtaani. Kutoka humo ilizaliwa klabu ya Mathare United iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Wasichana walianza kushirikishwa katika kandanda ya shirika hilo mapema miaka ya 1990, wakati wengi walipodhani mpira ni wa wavulana. Faida kubwa ya mfano huu si vikombe. Ni maelfu ya watoto ambao hawakuwa mabingwa lakini walijenga mazoea ya kucheza.

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, nyanja zilizosalia zilindwe. Baadhi ya mitaa mikuukuu ya Eastlands imewekwa katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya kwa maghorofa. Nyumba bora zinahitajika, lakini ramani itakayoweka maelfu ya watu mahali palipokuwa na mamia na isiache uwanja itakuwa inajenga hospitali za kesho. Wakazi wana haki ya kuuliza uwanja uko wapi kabla ya tingatinga kufika. Pili, sera zilizokwishaandikwa zitekelezwe. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli mwaka 2015, na Wizara ya Afya ikatoa mpango wa kitaifa wa harakati za mwili wa mwaka 2018 hadi 2023. Njia ya miguu yenye taa na kivuko ni dawa sawa na vidonge.

Tatu, shule ziheshimu kipindi cha michezo. Katika mfumo wa 8-4-4 somo la mazoezi ya viungo halikutahiniwa, na kipindi chake mara nyingi kiligeuzwa kuwa cha hesabu au sayansi. Mtaala mpya hautaponya kasoro hiyo iwapo walimu na wazazi wataendelea kuuona mchezo kuwa wizi wa muda. Nne, elimu ya afya itolewe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mkazi wa Kayole husema ana presha au ana sukari, na humwelewa anayemwambia kwamba kutembea huishusha presha. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu hapa: kutafsiri miongozo ya wataalamu, kuandika vipeperushi, kutunga michezo ya kuigiza ya majukwaani, na kusanifu istilahi ambazo mama mboga na daktari watazitumia kwa maana moja.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ubwete ni hatari inayokua katika Eastlands sambamba na mabadiliko ya kazi, usafiri na makazi. Yamebainisha jinsi mwili usiotumika unavyopoteza uwezo wa kuitumia sukari, kuisukuma damu na kuibeba mifupa yake, na jinsi harakati za kiasi, zikirudiwa, zinavyouregeshea uwezo huo. Vilevile yamedai kuwa lawama haiwezi kubebeshwa mtu binafsi peke yake pale uwanja ulipokwisha kunyakuliwa na njia ya miguu ikaishia mtaroni. Kwa familia inayomtegemea mtu mmoja, kiharusi kimoja hufunga duka, humwondoa mtoto shuleni na humgeuza binti kuwa mwuguzi. Gharama hiyo ni kubwa kuliko ya kiwanja na kuliko ya dakika 30 za kutembea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka afya hana budi kuinama, kuinuka, kutembea, na kesho yake kurudia tena.